Ukungu na Jina: Mtazamaji wa Kawaida na Ubora wa Picha chini ya Mlima Meru

Watu wa fani ya picha wana mizani yao. Hutazama ukali wa mistari, utulivu wa mwanga, ukweli wa rangi, na kama kivuli kimehifadhi mambo yaliyomo ndani yake au kimeyameza. Ni mizani ya haki, nami sina ugomvi nayo, kama nisivyo na ugomvi na mtu anayehesabu silabi za mshororo kabla ya kuuliza maana yake. Lakini mtu wa kawaida anapokabidhiwa picha hafanyi hivyo. Huitwaa, huisogeza penye mwanga, na swali lake la kwanza ni "Nani huyu?" La pili ni "Hapa ni wapi?" Likija la tatu, aghalabu ni la mwaka. Habari ya ukali wa mistari huja baadaye, na mara nyingi haiji kabisa.

Je, tofauti hiyo ni uchache wa elimu ya mtazamaji, au ni elimu ya namna nyingine? Ili kulijibu swali hili namwomba msomaji tuondoke kidogo pwani, twende Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Nimepachagua pahala hapo kwa sababu picha za kila namna zimepita pale katika muda wa miaka mia moja na ushei: mabamba ya kioo ya wamisionari, vipande vidogo vya wakimbizi, picha za vitambulisho, sinema ya Hollywood, na sasa simu ya mkononi. Mlima wenyewe, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hufunikwa na ukungu siku nyingi za mwaka, na wenyeji wake hawajapata kusema kwamba haupo.

Kwanza tukumbuke ilikotoka kamera. Ufundi wa picha ulitangazwa hadharani mjini Paris mwaka 1839. Karibu mwaka 1840 Muyaka bin Haji alifariki Mombasa. Hatuna picha yake, wala hapana mpenzi wa mashairi anayedai kwamba kwa sababu hiyo hamjui Muyaka. Miaka 20 baadaye, mwaka 1860, James Grant, mwenziwe Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha hapa Unguja, likiwemo soko la watumwa. Kazi ya dawa na mabamba ilimchosha, akaiacha kamera akarudi kwenye rangi na brashi. Kisha wakaja wapiga picha wa kukaa: A. C. Gomes katika karne ya kumi na tisa, na Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, mtu aliyejifunza mwenyewe, ambaye kwa mkasi na gundi alimpandikiza mteja wake ndani ya ua au juu ya mti. Hapana mteja aliyemlalamikia Bakor kwamba watu hawaoti mauani. Mteja alijua alichokilipia: uso wake, katika hali aliyoitamani.

Mwambao, basi, mtu aliingia studio kwa miguu yake, akachagua nguo, akasimama mbele ya pazia, akalipa, akaondoka na picha yake. Neno la kushika hapa ni "yake". Chini ya Meru mambo hayakuanza hivyo.

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Wameru. Serikali ya Wajerumani ilijibu kwa vita vya adhabu vilivyoongozwa na Kapteni Johannes. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, na mwaka 1900 likasimama boma la Arusha, jengo ambalo hadi leo lipo mjini na limegeuzwa makumbusho. Misheni ya Leipzig ilirudi: ikaweka kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Kamera ilipanda mlimani katika mizigo ya watu hao, nyuma ya bunduki.

Kwa kipimo cha ufundi, picha za zama hizo ni za ajabu. Bamba la kioo la sentimita 13 kwa 18, lililopakwa chumvi za fedha, halihitaji kukuzwa. Hulazwa juu ya karatasi na kuangaziwa, nalo hutoa kila kilichomo. Kwa vile mabamba yalikuwa mazito wa kupokea mwanga, kamera ilisimamishwa juu ya miguu mitatu na mpigwa picha akaambiwa atulie. Matokeo yake ni uangavu ambao kamera nyingi za familia zilizokuja baadaye hazikuufikia. Mkufu unaweza kuuhesabu shanga moja moja. Mshono wa ngozi unaonekana. Makunjo ya paji la uso yanaonekana.

Nyingi ya picha hizo za misheni leo zimewekwa katika mkusanyo wa kimataifa wa picha za misheni unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, nchini Marekani, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Nimezitazama kwa saa nyingi. Kinachomkabili mtazamaji ni hiki: mmisionari aghalabu ana jina, kituo kina jina, mlima una jina; aliyesimama mbele ya kamera kwa utiifu wote ule huitwa mara nyingi mwanamke wa Kimeru, shujaa wa Kiarusha, wanafunzi, wazee, wapagazi. Mwaka nao hukisiwa. Mpiga picha alipata kila kitu cha yule mwanamke isipokuwa kile ambacho mjukuu wake angekiuliza kwanza.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi kwamba picha hizo ni tupu. Ni hazina, na ole wetu zingevunjika. Nasema kwamba ukali wake umehudumia swali la mtu mwingine. Mmisionari alitaka kuwaonyesha Wakristo wa Saxony, waliokuwa wakichanga fedha, namna ya watu aliotumwa kwao. Kwa mtazamaji wa Leipzig, "mwanamke wa Kimeru" lilikuwa jibu kamili. Kwa mtazamaji wa Nkoaranga, huo ndio mwanzo wa swali.

Sasa tulinganishe na picha za namna ya pili, zilizopigwa kilomita chache tu kutoka hapo. Mwaka 1942 walianza kufika Tengeru wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti hadi Siberia na Asia ya Kati, kisha wakatoka kupitia Iran na kusambazwa katika makoloni ya Uingereza. Tengeru ikawa kambi yao kubwa kuliko zote Afrika, yenye watu wapatao 5,000, nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi, shule, kanisa na shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wameshaondoka, wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makaburi ya waliofia pale yapo Tengeru na yanatunzwa hadi leo.

Vizazi vya watu hao hutunza picha za Tengeru kama watu wengine wanavyotunza hati ya nyumba. Nyingi ni vipande vidogo vya rangi nyeusi na nyeupe, vilivyopigwa kwa kamera za mkononi: upeo wa macho umelala upande, mtu amekatwa kichwa nusu, jua limekula kona nzima. Fundi angezitupa. Lakini nyuma ya karatasi mkono wa mama umeandika kwa kalamu ya risasi: jina la binti, jina la rafiki, Tengeru, mwaka. Kwa maandishi hayo, mtu aliyezaliwa London au Toronto miaka mingi baadaye anaweza kusema, huyu ni bibi yangu na huo ni mlima alioniambia habari zake. Picha hizo mbovu kwa ufundi zimefanya kazi ambayo bamba la kioo halikuifanya. Sababu si ubaya wake, bali ni kwamba aliyepiga alimjua aliyepigwa.

Hapo ndipo shauri lililo chini ya mazungumzo haya linapojitokeza. Katika miaka ileile ambayo Wapolandi walikuwa wakiondoka, Wameru walikuwa wakihamishwa katika nchi yao. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki, ili ardhi ile ipewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Nyumba zilitiwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, alikwenda New York kuyaeleza hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Shauri halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, lakini sauti ile ilitikisa siasa ya Tanganyika nzima. Mwaka 1967 wawili hao walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo.

Kirilo alikwenda na maneno. Tuna hotuba na maombi, na majina ya wahusika. Hebu msomaji ajiulize: mjukuu wa mtu aliyefukuzwa Engare Nanyuki angependelea picha gani? Ya mlima, angavu kama kioo, au ya ua wa babu yake, iliyotetemeka mkononi mwa mpigaji, ambayo ndani yake mlango unajulikana na mti wa kivuli unajulikana? Miaka isiyozidi kumi baada ya moshi ule, waigizaji wa Hollywood walikuja Arusha na Momella kutengeneza sinema ya Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuonyeshwa mwaka 1962, John Wayne akiwa mkuu wao. Dunia iliiona nchi iliyo chini ya Meru kwa rangi zinazomeremeta, twiga na vifaru wakikimbia katika vumbi la dhahabu, na wenyeji wakipita pembeni mwa hadithi. Pengine hazijapata kupigwa picha za uangavu mkubwa zaidi za nchi ile katika zama hizo. Mtazamaji alitoka sinema akiwajua vifaru kuliko watu.

Picha za namna ya tatu ni ndogo kuliko zote, na ndizo zinazonigusa zaidi. Ni ile ya kitambulisho. Kwa watu wengi wa vijijini, kabla ya simu za kamera kuenea, picha pekee ya maisha yao yote ilikuwa ya pasi, ya kadi ya chama, ya cheti cha shule, au ya kitambulisho cha mpiga kura. Hakuna picha inayopigwa kwa mapenzi machache kuliko hiyo. Mtu huambiwa avue kofia, atazame mbele, asicheke. Mwaka 2015 Tanzania iliwaandikisha wapiga kura kwa mashine za kielektroniki, na wazee walikaa mbele ya kamera ndogo kwa muda wa kufumba na kufumbua macho.

Kisha mzee hufariki. Katika mazishi ya Wakristo wa Meru na Arusha, kama kwingineko bara, ni desturi picha ya marehemu kutangulia jeneza pamoja na msalaba, ikiwa ndani ya fremu, aghalabu imepambwa kwa maua au kitambaa. Huku visiwani jeneza la Muislamu haliendi na picha, na wanazuoni wametofautiana tangu zamani juu ya hukumu ya picha za viumbe. Kwa hiyo huenda msomaji wa pwani hajawahi kuona kazi inayofanyika usiku ule mjini Arusha. Kijana wa familia huenda studio na kitambulisho. Fundi hukitia katika mashine, huukata uso, huufuta mhuri uliopita shavuni, hutoa ukuta wa nyuma na kutia bustani au mawingu, na pengine humvisha marehemu koti na tai ambazo hakuwa nazo. Uso wenye upana wa sentimita mbili unakuzwa hadi ukubwa wa gazeti.

Mtu anayejua hesabu ya picha ataona hapo kasoro ya wazi. Picha ikikuzwa mara kumi kwa upana, haiongezewi habari hata chembe. Kilichokuwa nukta kinakuwa doa. Macho huwa mawili ya moshi. Mstari wa mdomo hupotea. Hata hivyo, nimehudhuria mazishi ya namna hiyo, na sijapata kumsikia mfiwa akiulalamikia ukungu. Nilichokisikia ni wanawake wakisema, "Ndiye." Neno moja tu. Na nimesikia pia kinyume chake: picha iliyosafishwa mno, shavu likiwa laini kama la kijana, na shangazi wa marehemu akageuka na kusema, "Huyu siye."

Huo ndio msamiati wa mtazamaji wa kawaida, msomaji wangu: ndiye au siye. Ni kipimo kikali kuliko tunavyodhani. Kinavumilia ukungu, kinavumilia chembechembe, kinavumilia hata koti la kuazima, lakini hakivumilii uso uliobadilishwa. Mfasiri anakijua kipimo hiki. Unaweza kuleta shairi la kigeni katika Kiswahili likakatika kina hapa na pale, na msomaji akamtambua mtunzi. Na unaweza kutimiza vina vyote na mizani yote, mtunzi akawa hayumo.

Itakuwa rahisi sasa kuhitimisha kwamba ubora wa picha si kitu, na kwamba wapenda ukali wa mistari ni watu wa anasa. La hasha. Kuna mahali ubora ni haki ya mtu, na historia inatuonyesha.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini mikanda ya rangi ilienea duniani, na kampuni ya Kodak ndiyo iliyotawala. Ili maabara zirekebishe rangi, zilitumiwa kadi ya kulinganishia yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mkanda na mashine vilipangwa kumridhi yeye. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliieleza historia hiyo mwaka 2009: malalamiko yaliyosikizwa mapema yalitoka kwa watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutokea vizuri, na ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipoenea kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Mwongozaji wa Kifaransa Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliikataa mikanda ya Kodak kwa sababu hiyohiyo.

Matokeo yake tunayajua bila kusoma kitabu. Katika picha ya arusi au ya darasa, shela jeupe lilitoka na kila nakshi yake, na uso wa aliyelivaa ukawa kivuli chenye meno. Mtazamaji wa kawaida alilijua kosa hilo upesi sana, wala hakuhitaji istilahi. Alisema, "Sionekani." Basi si kweli kwamba mtazamaji huyu hajali ubora. Anaujali pale tu kasoro inapomfuta mtu. Ukungu unaomwacha mtu atambulike anausamehe. Giza linalommeza hausamehe. Wapiga picha wa studio walilijua hilo zamani, na katika chumba cha giza walizuia mwanga kwa kiganja juu ya uso, ili usoni pasiungue wala pasizame. Leo kampuni za simu zimeligundua jambo hilohilo. Tecno ilijipatia wateja barani Afrika kwa kurekebisha kamera zake zifae nyuso nyeusi, na mwaka 2021 Google nao walitangaza marekebisho ya namna hiyo.

Kuna mahali pengine ambapo ukali ni ushahidi. Anayefika kilele cha Meru alfajiri, kukiwa hakuna mawingu, huiona Kibo upande wa mashariki. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliipima Kibo kwa picha zilizopigwa kutoka ardhini, na kutokana na ramani yao watafiti wamekadiria kwamba barafu ilifunika kilomita za mraba zipatazo 11.4. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki 1.76. Mwezi wa Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya mlima huo na kuupiga picha kutoka angani. Bila uangavu wa picha za watu hawa tungebaki na masimulizi ya wazee, ambayo ni ya kweli lakini hayapimiki. Jabali haliulizwi jina. Linaulizwa mpaka wake uko wapi. Hapo mizani ya fundi ndiyo inayostahili.

Uimara nao ni ubora, tena ni ubora unaosahauliwa. Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri na kuoshwa sawasawa huishi zaidi ya miaka mia, kwa sababu ni fedha iliyolala ndani ya karatasi. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 hazikuwa hivyo. Rangi yake ya samawati ilikufa kwanza, hata ndani ya albamu iliyofungwa, ikaacha wekundu. Fungua albamu ya familia yoyote, ya Arusha au ya Ng'ambo: babu ameketi mweusi na mweupe, imara kama jana, wajukuu wake, waliopigwa miaka 30 baada yake, wanazama katika rangi ya machweo. Na huku kwetu kuna unyevu wa bahari, ambao hula karatasi na kuotesha ukungu wa kweli juu ya lenzi na mikanda.

Leo tatizo limegeuka sura. Simu ya bei ya kawaida hujinadi kwa nukta milioni 50. Tufanye hesabu. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, kwa nukta 300 kila inchi, ambazo zatosha jicho la mtu linalosoma kwa karibu, inahitaji takriban nukta milioni 2. Kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina nukta 720 kwa 1,600, yaani milioni moja na kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uangavu tunaouziwa hatuuoni kamwe. Zaidi ya hayo, picha ikipitishwa katika WhatsApp hupunguzwa ili isafiri upesi. Tangu mwaka 2023 kuna njia ya kuituma kwa ubora wa juu, lakini mwenye kuhesabu bando lake haitumii. Picha ikipita mikono saba imeshachakaa kama ilivyokuwa ikichakaa noti ya shilingi mia tano ilipokuwa ikitumika. Na bado bibi aliye Ngaramtoni huishika simu, huipeleka mbali na macho, huirudisha karibu, na kusema: "Ndiye, mwanangu. Amenenepa."

Hasara yetu haiko katika nukta zilizopungua. Iko katika mambo mawili mengine. La kwanza ni kwamba simu ikianguka au ikiibiwa, picha elfu tatu huondoka nayo kwa mara moja, jambo ambalo halikuwezekana kwa albamu ya kabatini. La pili ni kwamba picha hizi hazina mgongo. Karatasi ilikuwa na upande wa nyuma, na upande wa nyuma ulikuwa na mkono wa mama. Picha ya simu hutunza saa, pengine hata mahali, lakini haitunzi jina isipokuwa mtu akaliandika. Nasi hatuliandiki, kwa sababu leo tunamjua kila aliyemo. Mmisionari wa Nkoaranga hakuandika jina kwa sababu hakulihitaji. Sisi hatuliandiki kwa sababu tunadhani hatutalisahau. Baada ya miaka 80 matokeo yatakuwa mamoja.

Naona kuna kazi mbili zinazowezekana, wala hazihitaji mfadhili. Ya kwanza ni ya vijijini chini ya Meru. Picha za misheni zimeshawekwa wazi, na wazee ambao bado wanaweza kuitambua sura ya mama wa mama yao, au nyumba, au mti, au namna ya kuvaa ya ukoo fulani, hawako wengi, na kila mwaka wanapungua. Vijana wenye simu wakizifungua picha zile mbele yao na kuandika wanayoyasikia, baadhi ya "wanawake wa Kimeru" watarudi kuwa watu. Wengi hawatatambulika. Wachache watatambulika, na hao wachache si haba.

Ya pili ni yetu sote. Mtu achague picha ishirini katika maelfu aliyonayo, azisafishe katika karatasi, na nyuma ya kila moja aandike kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya: jina kamili, jina la baba au la mama, mahali, mwaka. Asihangaike sana kama mkono ulitetemeka siku ile.